Sura ya Tano: Waliobaki Kavalli

Tarehe 4 Desemba 1889 mitaa ya Bagamoyo ilipambwa kwa makuti. Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, alikwenda mpaka kivuko cha Kingani, mto ambao leo tunauita Ruvu, akawapandisha farasi wageni wake wawili na kuingia nao mjini. Mmoja alikuwa Henry Morton Stanley. Wa pili alikuwa Emin Pasha, gavana wa jimbo ambalo halikuwapo tena. Usiku ikafanyika karamu ghorofani, vinywaji vikamiminwa, hotuba zikatolewa, na Emin, mtu aliyeona kwa shida hata mchana, akaondoka mezani na kuanguka kutoka juu mpaka chini. Alipasuka fuvu. Stanley akavuka kwenda Unguja bila yeye. Mgonjwa akauguzwa Bagamoyo, na alipopata nafuu akaingia katika utumishi wa Wajerumani, akawapa kisogo Waingereza waliotangaza dunia nzima kwamba wamemwokoa.

Waandishi wanakipenda kisa hiki cha kuanguka, na siwalaumu. Ila kimelifunika jambo zito zaidi lililoingia Bagamoyo kwa miguu siku zile zile: mabaki ya jeshi. Walikuwamo askari, makarani, wake zao, watoto na watumwa wao, watu waliotembea kutoka Ziwa Albert miezi minane. Msafara ulipoondoka kwa Kavalli, juu ya ziwa hilo, tarehe 10 Aprili, ulikuwa na watu karibu 1,500, wapagazi wakiwemo. Kati ya watu wa Emin waliofunga safari, waliofika Pwani hawakutimia 300. Wengine walikufa njiani, au waliachwa vijijini kwa ugonjwa na vidonda, au walichoka na kukaa walipofika. Waliofika wakapandishwa meli kurudishwa Misri, na gazeti likaandika kwamba kazi imekwisha.

Kwa lugha ya leo, hiyo ilikuwa operesheni ya kuondoa majeshi ya kigeni katika nchi yenye vita. Ilikuwa na kila kitu tunachokifahamu kutoka kwenye taarifa za habari: barua rasmi kutoka makao makuu, msafara wa uokozi, wafadhili wenye hesabu zao pembeni, tarehe ya mwisho ya kuondoka, na sherehe bandarini. Na kama operesheni nyingi za aina hiyo, ilihesabu vizuri waliotoka. Waliobaki haikuwahesabu. Sura hii inawahusu hao, kwa sababu historia ya Afrika Mashariki ya miaka mia moja iliyofuata ina alama za vidole vyao mahali pengi kuliko alama za Stanley.

Equatoria ilikuwa ncha ya kusini ya Sudan iliyotawaliwa na Misri. Ardhi yake leo imegawanyika kati ya Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda. Emin, daktari aliyezaliwa Silesia mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, alipewa ugavana mwaka 1878. Askari aliowakuta wengi walikuwa watu weusi wa Sudan, waliotekwa au kununuliwa wakiwa vijana na kuvalishwa sare za Khedive, mtawala wa Misri. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad akajitangaza kuwa Mahdi, na Januari 1885 Khartoum ikaanguka. Emin akakatika na dunia. Akarudi nyuma kusini mpaka Wadelai, kando ya Nile, akaishi huko na vikosi vyake kama kisiwa.

Barua ya kuwaambia kwamba serikali yao imekwisha kuondoka iliandikwa Cairo Mei 1885 na Nubar Pasha, waziri mkuu. Ilimfikia Emin mwanzoni mwa 1886. Ilimwarifu kwamba Misri imeiacha Sudan, kwamba afanye aonavyo vema kuwatoa watu wake, na kwamba akihitaji fedha aandike hawala kwa balozi wa Uingereza Unguja. Ndivyo mambo ya Nile yalivyoelekezewa Pwani yetu.

Sasa mweke mbele yako askari wa Wadelai anayesomewa barua hiyo. Mshahara hajauona kwa miaka. Mke amemwoa huku huku, watoto wamezaliwa hapa, shamba la mtama liko nyuma ya boma. Cairo anakoambiwa ni kwao hajawahi kuikanyaga. Halafu anakuja Mzungu mwembamba, nguo zimemchakaa, watu wake wamekonda kwa njaa ya msitu wa Ituri, anasema yeye ndiye msaada uliotumwa na Khedive. Nani angeamini? Zikaenea habari kwamba barua ni za kughushi na kwamba watapelekwa kuuzwa kwa Waingereza. Agosti 1888 askari wakaasi, wakamfungia Emin huko Dufile pamoja na Jephson, mmoja wa maofisa wa Stanley. Stanley alikuja kuliandika jambo hili kama usaliti wa watu wasio na shukrani. Mimi naliona kuwa mashaka ya watu wenye akili timamu.

Wala Stanley hakuwa amekuja kwa huruma tupu. Kamati iliyomtuma iliongozwa na William Mackinnon, tajiri wa meli, ambaye kampuni yake ilikuwa inalitazama kwa hamu eneo lote kati ya Mombasa na maziwa. Emin alisemekana kuwa na shehena ya pembe za ndovu. Na mzigo wa uokozi huo uliwaangukia watu wa Pwani. Februari 1887 Stanley aliondoka Unguja na wapagazi zaidi ya 600, akazunguka nao kwa meli mpaka mdomo wa Kongo, Tippu Tip akiwa abiria mwenzao, ili aingie bara kutokea upande wa pili. Wengi wao hawakurudi. Waliokufa Yambuya, katika kambi iliyoachwa nyuma kusubiri mizigo, walikufa kwa njaa na kwa kula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vizuri. Bado sijaona mnara wao, Unguja wala Bagamoyo.

Alikuwapo ofisa mmoja, Selim Bey, Msudani mnene, mpole, asiyependa haraka. Yeye alikubali kuondoka. Akaenda Wadelai kuwakusanya wenziwe na familia zao, na akaomba muda, kwa sababu huwezi kuhamisha mji kwa wiki mbili. Stanley akamwekea tarehe. Tarehe ilipofika, msafara ukaondoka. Barua ya Selim ya kuomba asubiriwe iliwakuta njiani, naye Stanley akajibu kwamba atatembea polepole. Wakati huo huo maofisa wengine waliokataa kuondoka walimnyang'anya Selim risasi, wakapanda vilimani. Basi akabaki pale Kavalli na askari wachache, bendera ya Misri, na amri ambayo hakuna aliyekuja kuifuta.

Na hapo Bagamoyo inatoa kinaya chake. Wakati mabaki ya jeshi la Emin yanaingia mjini, askari waliokuwa na mji mikononi mwao walikuwa pia Wasudani wa jeshi la Misri. Mwanzoni mwa mwaka ule ule Wissmann alikwenda Cairo akaandikisha karibu watu 600 waliokuwa wamepunguzwa kazi baada ya Sudan kupotea. Alipowaleta Pwani, pamoja na wengine aliowatoa Msumbiji, tarehe 8 Mei akawatuma kulivunja boma la Abushiri bin Salim karibu na Bagamoyo. Siku kumi na moja baada ya ile karamu, Abushiri alinyongwa Pangani. Wale Wasudani wakawa mbegu ya jeshi ambalo baadaye babu zetu walilijua kwa jina moja tu, askari, na lililokuja kuizima Maji Maji. Jeshi moja liliachishwa kazi Cairo na Wadelai, na ndani ya miaka michache lilikuwa limegawanyika katika utumishi wa madola matatu. Maana wale wa vilimani nao, baadhi yao, waliishia upande wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Septemba 1891 Frederick Lugard, nahodha wa kampuni ile ile ya Mackinnon, alipanda mpaka Kavalli kutafuta askari. Aliwakuta watu wa Selim Bey wamelima pamba na kujifumia nguo wenyewe, vyeo vinaheshimiwa, na bendera inapanda. Lugard alihitaji bunduki za kuitawala Uganda kwa bei ndogo, na hapa kulikuwa na bunduki mia kadhaa zilizozoea kutolipwa. Selim alimpa sharti moja: hawezi kubadili bendera mpaka Khedive mwenyewe aruhusu. Lugard akaahidi kuomba ruhusa. Kisha akashuka na kundi la maelfu ya watu, wengi wao wanawake, watoto na watumwa, akawapanga katika ngome za Toro.

Shukrani ya Selim Bey ilikuja mwaka 1893. Alishukiwa kupanga fitina na Waislamu wa Buganda, akakamatwa akiwa mgonjwa, na akafa Naivasha akipelekwa Pwani. Askari wake walitumiwa miaka minne mingine, safari baada ya safari, kwa mshahara uliokuwa chini ya ule wa mpagazi na uliochelewa kwa miezi. Mwaka 1897, walipoamriwa kwenda safari nyingine ndefu bila wake zao, wakakataa. Wakaichukua ngome ya Lubwa huko Busoga, wakawaua maofisa wao Waingereza, na vita vya kuwazima vikaingia mwaka uliofuata kwa msaada wa askari walioletwa kutoka India. Mwaka 1902, King's African Rifles (KAR) ilipoundwa, waliotulia wakawa sehemu ya batalioni yake ya Uganda. Watu walikuwa wamekwisha kuwapa jina: Wanubi.

Walipostaafu, serikali ya kikoloni iliwapa sehemu za kukaa pasipo hati. Nchini Kenya sehemu hiyo ni Kibera. Wajukuu wa askari walioachwa na Misri walikaa Kibera zaidi ya miaka mia moja wakihesabiwa kuwa wageni; watoto wao wakisumbuliwa kupata vitambulisho, hata mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto ikaamua kwamba Kenya imewanyima haki. Hati ya ardhi, ekari 288, walikabidhiwa mwaka 2017. Hesabu mwenyewe miaka tangu ile barua ya Nubar Pasha.

Nchini Uganda hali yao ilikuwa nyingine. Jeshi lilibaki mlango wao wa riziki, na kupitia mlango huo akaingia Idi Amin, Mkakwa aliyekulia kwenye kambi za KAR na kujihesabu miongoni mwa Wanubi. Alipomwangusha Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, aliwategemea Wanubi, Wakakwa na Wasudani kuliko watu wengine. Hapa lazima niseme jambo moja kwa sauti: Wanubi wengi walikuwa wachuuzi, washonaji na wafumaji wa vikapu ambao hawakumwua mtu, nao waliadhibiwa kwa makosa ya Amin mwaka 1979, wakachomewa nyumba na kukimbilia Sudan na Zaire. Ninachokifuata ni chombo, wala si kabila. Chombo hicho kilikuwa jeshi lisilo na mizizi kwa raia, na kilianza kutengenezwa siku Selim Bey alipoachwa.

* * *

Tanzania ilikutana na chombo hicho Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia, yakachinja ng'ombe, yakaiba mpaka mitambo ya kiwanda cha sukari, na Amin akatangaza kwamba mpaka wake sasa ni mto. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliokuja nao, hasa Kikosi Maalum cha Tito Okello na David Oyite Ojok, na vijana wa Yoweri Museveni. Vita hivyo vimeandikwa sana na tunavijua. Miaka miwili iliyofuata tunaijua kidogo mno, nayo ndiyo inayohusika hapa, kwa kuwa sasa sisi ndio tuliokuwa jeshi la kigeni.

Maelfu ya askari wetu walibaki Uganda. Hawakuwa na bereti za buluu; hapakuwa na azimio la Umoja wa Mataifa, na wapo viongozi wa Afrika waliotulaumu waziwazi katika mkutano wa OAU wa Monrovia Julai 1979. Walilinda benki, vizuizi vya barabarani na marais. Yusufu Lule alidumu siku 68, Godfrey Binaisa chini ya mwaka mmoja, kisha Tume ya Kijeshi, kisha uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote huku wapinzani wakipiga kelele za wizi wa kura. Askari wetu hawakuwa malaika. Waganda wanakumbuka redio na saa zilizochukuliwa, na walevi wenye bunduki. Hata hivyo Nile Magharibi, jimbo la Amin, wazee wanaweza kukushangaza. Huko JWTZ iliingia bila kisasi, na raia wakajifunza upesi kwamba ni salama kusimama karibu na Mtanzania kuliko karibu na jeshi jipya la Uganda, UNLA.

UNLA ilikuwa imeota kama uyoga. Kikosi kilichokuwa na watu wapatao elfu moja kabla ya ushindi kilikuwa kimejazwa vijana kwa makundi, kila mkubwa akileta wa kwao. Mafunzo yalikuwa mafupi na mishahara ilisuasua. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walipovuka kutoka Zaire na Sudan, UNLA ililipiza kwa raia, na Nile Magharibi ikamwagika kuvuka mipaka.

Nyerere alitaka kutoka. Hazina ilikuwa tupu. Vita vyenyewe vilitugharimu takriban dola milioni 500, mafuta yamepanda bei, maduka yetu yana foleni za sabuni. Serikali imechaguliwa Kampala, basi ibebe mzigo wake. Kwa hesabu ya kisiasa hakuna wa kumlaumu. Februari 1981 Museveni alikuwa amekwisha kuingia msituni. Askari wetu wa mwisho waliondoka kufikia mwisho wa Juni 1981, na tarehe 24 mwezi huo huo, Ombachi, karibu na Arua, wanajeshi wa UNLA waliingia katika misheni ya Kikatoliki walikokuwa wamejificha maelfu ya raia, wakawamiminia risasi. Waliojificha hapo hawakuwa na Mtanzania wa kusimama karibu naye. Kisha mauaji ya Luwero yakafuata.

Je, tungekaa? Nimelizungusha swali hili na jibu langu ni hapana. Jeshi la kigeni linalokaa mpaka kila kitu kitulie litakaa mpaka lichukiwe. Kosa, kwa maoni yangu, lilitangulia: mwaka 1979 tulilipokea jeshi la Uganda kama zawadi ya ushindi, tukaliacha livimbe, na tulipofika 1981 swali la nani anabaki na bunduki lilikuwa limekwisha kujibiwa na wengine. Tarehe ya kuondoka tuliichagua sisi. Warithi wetu hatukuwachagua.

* * *

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kabla hujafika mjini unapita Mapinga. Hapo kuna kituo kikubwa cha mafunzo cha JWTZ kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018. Julai na Agosti 2024 wanajeshi wa Tanzania, China na Msumbiji walifanya mazoezi ya pamoja hapo dhidi ya ugaidi, wiki chache tu baada ya jeshi la SADC kufunga kazi yake Cabo Delgado, huko huko Msumbiji. Ningepewa saa moja na maofisa wanafunzi wa mahali hapo, ningewapakia kwenye basi mpaka Bagamoyo mjini, niwaonyeshe mji alikoangukia Emin, halafu niwaulize nini kifanyike kuhusu Selim Bey.

Swali hilo si la makumbusho. Machi 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, liliunda ndani ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa Kongo kikosi chenye ruhusa ya kushambulia, si kujilinda tu. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Kufikia Novemba waasi wa M23 walikuwa wameshindwa, lakini wengi wao walivuka na kwenda kukaa Uganda na Rwanda wakisubiri hatima, wakiwa na makamanda wao. Desemba 2017 huko Semuliki waasi wa ADF waliivamia kambi ya Watanzania wakaua askari wetu 15. Watu wa kawaida wa Kivu, kwa upande wao, walichoka kuona magari meupe yakipita huku wao wakichinjwa, na mwaka 2023 serikali ya Kinshasa ikaomba ujumbe huo uondoke. Ulianza kuondoka Kivu Kusini, ukamaliza huko Juni 2024. Februari 2025 Bukavu, katika jimbo hilo hilo, ilikuwa mikononi mwa M23, ambao walikuwa wamerudi tangu mwisho wa 2021.

Goma ilitangulia kuanguka, mwishoni mwa Januari. Jeshi la SADC lililopelekwa Desemba 2023, Watanzania wakiwemo, lilizingirwa ndani ya kambi zake. Tarehe 13 Machi viongozi wa SADC wakafuta kibali chake, na tarehe 29 Aprili malori yakaanza kutoka. Uwanja wa ndege wa Goma haukutumika. Wanajeshi walipita kwa barabara ndani ya Rwanda, nchi ambayo SADC na Umoja wa Mataifa walikuwa wakiituhumu kuwasaidia waasi, mpaka Chato kwenye ardhi yetu, na kutoka huko kwenda makwao.

Siku iliyofuata ulianza msafara mwingine uliopata nafasi ndogo magazetini. Mamia ya askari na polisi wa Kongo, waliokimbilia ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa Goma ilipoanguka, walikuwa wamekaa humo miezi mitatu bila silaha, pamoja na jamaa zao. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulikubaliana na pande zote, ukawasindikiza kuvuka mistari ya vita kwenda Kinshasa. Kazi ilichukua siku kadhaa. Walisindikizwa pamoja na familia zao, na hakuna aliyebaki na bunduki isiyokuwa na bosi wa kuilipia. Selim Bey hakuomba zaidi ya hapo.

Lakini hao ndio waliofanikiwa kufika langoni mwa kambi. Wapo Wazalendo, wanamgambo wa vijijini waliopewa silaha na kusifiwa na serikali walipokuwa wakipigana upande mmoja na jeshi la Kongo na washirika wake. Wao walibaki kwenye vilima vya Masisi na Walikale na bunduki zao, bila mshahara wa uhakika, na hakuna aliyewaandalia malori. Wengine wana umri wa watoto wa sekondari. Leo wanatoza fedha kwenye vizuizi vya barabarani. Kesho watamtumikia atakayewalipa, na Lugard wa zama hizi hahitaji kupanda mlima kwa miguu kuwatafuta.